Spika Moja kwa Wanaume, Moja kwa Wanawake

Mwaka jana nilikwenda Kisarawe kumzika Salima, mke wa fundi Hemedi. Siku ya pili ya msiba nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu tukichambua mchele, na upande wa pili wa turubai, walikokaa wanaume, nikamsikia Hemedi akiwasimulia vijana habari zangu. Sauti yake imezeeka, lakini namna ya kusimulia ni ileile: anavuta maneno, anasubiri watu wacheke, kisha anaendelea. "Yule mama mliyemwona asubuhi, mwenye miwani, ndiye aliyeniunguzia spika za mzungu," alisema. "Nilimfundisha kila kitu. Nikamwachia upande wa wanawake, akagusanisha nyaya. Harusi ya watu, Visiga. Moshi mtupu." Vijana wakacheka. Mwanamke aliyekuwa karibu nami akanigusa goti akauliza, "Kumbe shoga ulikuwa fundi?" Nikamwambia nilikuwa, nikaendelea na mchele wangu, maana msibani mtu haendi kudai haki yake. Uongo wenyewe haukunishangaza, nimeishi nao tangu ujana. Kilichonikaa moyoni ni kwamba niliisikiliza ile sauti kwa makini, kama nilivyozoea kusikiliza spika nikitafuta mkwaruzo, na sikusikia mkwaruzo wowote. Hemedi anaamini anachokisema. Miaka imepita, neno alilolitoa siku moja ili kujiokoa limekuwa ndiyo kumbukumbu yake, na sasa Salima amekufa, na katika nyumba ile anayejua ilivyokuwa nimebaki mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na nyumbani sikuwa na la kufanya. Salima alikuwa binti wa mama yangu mkubwa, nikapelekwa kwake Kisarawe nimsaidie kazi. Ulikuwa mwaka wa foleni. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sukari ilikuwa ya kutafutwa, petroli haipatikani, na Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea. Nilipewa chumba cha uani ambacho nusu yake ilikuwa karakana ya Hemedi. Kitanda changu cha kamba kilikuwa upande mmoja, na upande wa pili meza ndefu yenye maiti za redio, zilizofunguliwa migongo, nyaya zimetoka nje kama matumbo ya samaki. Chumba kilinuka risasi ya kulehemu, na jioni harufu hiyo ilichanganyika na ya kisamvu cha nazi alichopika Salima. Tulikula bada, ugali wa muhogo, kwenye sinia moja, mimi na Salima jikoni, Hemedi barazani na mgeni wake akiwepo. Ukuta uliotenganisha chumba changu na chao haukufika darini. Kwa hiyo nilisikia mengi mwaka ule, na sikuwa mtu wa kuyarudia. Nilikuwa na haya kiasi kwamba nikitumwa dukani nilisubiri wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka.

Hemedi alikuwa fundi redio, lakini kilichompa jina ni muziki wa harusi. Kwetu harusi ina pande mbili. Wanaume wanakaa mbele ya nyumba, wanawake wanakaa uani, na katikati kuna ua wa makuti au ukuta. Zamani Hemedi alipiga sahani zake za santuri upande wa wanaume tu, na wanawake walisikiliza kinachovuka ukuta. Wakaanza kulalamika, na kwa kuwa akina mama ndio wanaoamua nani aitwe kupiga, Hemedi akaona lazima awapelekee spika yao. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe haruhusiwi kuingia. Mara ya kwanza alipitisha spika mlangoni wakaipokea, wakaigeuza uso ukutani kwa sababu kitambaa chake cha mbele kilikuwa kizuri na hawakutaka kichafuke, kisha wakaweka birika la chai juu yake. Nilimsikia akimweleza Salima usiku ule huku akinung'unika kwa hasira, na Salima akacheka mpaka akakohoa. "Unahitaji mwanamke," Salima alimwambia. "Mchukue Tatu. Anakaa kimya, hatakuletea maneno." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nimelifikiria mara nyingi lile neno la Salima. Sikuchaguliwa kwa akili wala kwa mikono. Nilichaguliwa kwa ukimya.

Spika zenyewe zilikuwa mbili, na hata wakati ule tayari zilikuwa za kizamani. Zilitoka kwa mzungu wa shamba la mkonge upande wa Kibaha, aliyeondoka mashamba yalipochukuliwa na serikali, zikapita mikono mingi hadi kumfikia Hemedi. Yalikuwa makabati ya mbao nzito yaliyonifika kiunoni, mbele yamewambwa kitambaa cha rangi ya dhahabu iliyofifia, na ndani yake karatasi ya spika pana kama sinia dogo. Nyuma kulikuwa na kibati kilichoandikwa omu nane, wati kumi na tano. Zilikuja na amplifaya yake, ile ya taa za vioo ndani, lakini taa moja ilikufa na mjini haikupatikana. Kwa hiyo Hemedi alizipigia kwa amplifaya mpya ya transista aliyoletewa na baharia mmoja, nyepesi, ya kung'aa, ya kutumia betri za gari, yenye nguvu mara nne ya zile spika zinavyoweza kubeba. Somo la kwanza alilonipa lilihusu hilo, asubuhi moja, tukiwa tumechuchumaa nyuma ya spika na kikombe cha chai ya chumvi kila mtu.

"Unaiona hii nane?" aliuliza.

"Naiona, shemeji."

"Spika ni mzigo. Amplifaya ndiye hamali. Sasa mzigo huu unahesabiwa kinyume. Namba ikishuka, mzigo unazidi. Nane ni mzigo wa kawaida. Ukichukua spika mbili za nane ukazifunga sambamba, waya mmoja kwa mmoja, hamali anaona nne. Na huyu hamali wetu mgongoni kaandikwa nane. Ukimpa nne hatakataa. Atabeba, tena atapiga kwa nguvu mpaka ufurahi, huku anaungua ndani kwa ndani."

"Na kama watu wanataka spika nyingi?"

"Unazifunga kwa kufuatana. Waya unaingia ya kwanza, unatoka, unaingia ya pili, ndipo unarudi. Hapo inakuwa kumi na sita. Sauti inapungua, watu watanung'unika, lakini utarudi na vitu vyako nyumbani."

Alinifundisha mengine taratibu. Kabla ya kupakia vitu nilipima kila spika kwa mita, na kama ni nzima mshale ulisimama karibu na sita, kwa sababu mita haioni nane yote. Niligusisha betri ya tochi kwenye ncha zake, karatasi ikaruka kidogo na kutoa mlio mdogo, na zote mbili lazima ziruke kwenda mbele, la sivyo zitavutana na besi itapotea. Amplifaya iliyokaa muda mrefu tuliiwasha kwanza kupitia globu, ili kama kuna hitilafu globu iwake badala ya amplifaya kuungua. Kwenye waya wa kila spika alikata na kuweka fyuzi ndogo. Fyuzi hazikupatikana madukani, akiba yetu ilikuwa kwenye kopo lenye mfuniko na alizitunza kama dawa. Na kwenye kitasa cha sauti aliweka alama kwa rangi ya kucha ya Salima. "Hapa ndipo mwisho," alisema. "Spika hizi ni wazee. Mzee humpigii kelele. Ukisikia sauti inakwaruza kama karatasi inayokunjwa, usisubiri, punguza. Mkwaruzo ndio unaoua." Nilimpenda kwa namna alivyosema hivyo. Sijawahi kuwa na mwalimu mwingine aliyenieleza jambo mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeelewa, na akasubiri jibu.

Shughuli yangu ya kwanza ilikuwa Dutumi, Kibaha vijijini. Tulikwenda na lori dogo la mfanyabiashara wa mkaa, Hemedi mbele na dereva, mimi nyuma na spika, nimezikumbatia ili zisigongane. Niliiweka spika yangu uani juu ya kinu kilichopinduliwa, nikakaa pembeni yake kama mlinzi. Muziki ukaanza, na baada ya muda wanawake wakaanza kutazamana. "Mbona huku kuna ngoma na vinanda tu?" mmoja akauliza. "Mwimbaji yuko wapi?" Bibi mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu akajibu bila kuinua kichwa, "Yuko kwa waume zenu. Hata mwimbaji wamemchukua." Uani pote pakalipuka kwa kicheko. Nikaelewa kilichotokea: sahani zile mpya zilirekodiwa kwa pande mbili, kinachotoka kushoto sicho kinachotoka kulia, na sisi tulikuwa tumetenganisha kushoto na kulia kwa ua wa makuti. Nikasogea kwenye ua, nikamwita Hemedi kwa sauti ya chini, nikamweleza. Akabonyeza kitufe kinachounganisha pande zote kuwa moja, na mwimbaji akaingia uani. Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisahau. Yule bibi wa vitunguu akanisogezea kigoda akasema, "Kaa hapa, fundi." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa hivyo, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Baada ya Dutumi wanawake wakaanza kuniletea redio zao. Walikuja Kisarawe kutoka mbali kidogo, wakampita Hemedi kwenye baraza ya mbele na kuja mlango wa uani, wakauliza, "Tatu yupo?" Hemedi hakuchukia. Kwa kweli ni yeye aliyenipa ahadi, wakati wa kula, Salima akisikia. Alisema baharia akimletea ile taa ya kioo, amplifaya ya kizamani na spika zake mbili zitakuwa zangu. "Hizo zilizaliwa pamoja," alisema. "Wati kumi na tano kwa wati kumi na tano. Hata ukilala usingizi hutaziunguza. Utapiga maulidi ya akina mama, utapiga shughuli za kumtoa mwali, huko ambako mimi siingii. Mimi nitatafuta spika nyingine za huyu hamali wangu." Kuanzia siku ile niliifuta vumbi ile amplifaya kila asubuhi. Ilikuwa rafu ya juu, juu ya kichwa cha kitanda changu, na nilipolala niliona chini yake kwa mwanga wa koroboi. Nilikuwa msichana wa darasa la saba asiyeweza kuomba kibiriti dukani, na mtu alikuwa ameniambia kwamba nitakuwa na kazi yangu, yenye jina langu, ambayo hakuna mwanamume angeweza kuniingilia. Nataka ieleweke hivyo, kwa sababu hicho ndicho kilichoungua Visiga.

Mwenye harusi ya Visiga alikuwa mzee Kondo, mtu wa maduka, anayeoza binti yake wa kwanza. Alikuja mwenyewe Kisarawe jioni, akapewa kuku na bada barazani, kisha akaingizwa sebuleni, na mimi nikiwa kitandani nikasikia mazungumzo yote juu ya ukuta.

"Nataka mtu akipita na gari barabara ya Morogoro ajue leo Kondo anaoza," alisema.

"Mzee wangu, spika ni mbili, tena za zamani," Hemedi akajibu. "Moja inakwenda kwa akina mama."

"Nitaazima bomba mbili kwa watu wa matangazo. Zile kama tarumbeta."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Halafu Hemedi akasema, "Haitakuwa na neno, mzee." Asubuhi yake nilimwuliza bomba hizo zitafungwaje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Kwa kufuatana, kwani namna gani? Mimi si ndiye niliyekufundisha?" Nikaona haya kwa kuuliza.

Harusi ilikuwa Jumamosi alasiri. Uani kwa mzee Kondo kulikuwa kupana, kumefagiliwa mistari, mikeka imetandikwa chini ya maturubai, na pilau ilinukia tangu njiani. Bi Zuhura, mama wa bibi harusi, alinionyesha mwenyewe mahali pa kuweka spika, akaniuliza kama nimekula. Nilipima, nikafunga waya, nikakagua fyuzi yangu, nikapaza sauti kidogo kuvuka ua: "Shemeji, huku tayari." Muziki ulianza vizuri. Kisha nikamsikia mzee Kondo upande wa pili: "Mbona hizi bomba zinalia kama zina njaa? Mimi niko hapa mlangoni, sizisikii vizuri, atazisikia mtu wa barabarani?" Hemedi akajibu kitu nisichokisikia. Wanaume wakacheka. Muziki ukakatika kwa muda mfupi, na uliporudi ulirudi na sauti ya bati, kali, inayochoma, na bomba zote mbili zikiwa juu kuliko spika. Nikajua palepale. Alikuwa amezitoa kwenye kufuatana na kuziweka sambamba, zote tatu upande mmoja, spika ya mzee wa watu na bomba mbili, na yule hamali sasa alikuwa chini ya nne, karibu na tatu. Nikaenda kwenye ua.

"Shemeji," nikasema, "inakwaruza."

"Kula pilau, Tatu."

Watu waliokuwa karibu naye wakacheka tena. Nikarudi mkekani. Nilikaa sinia moja na bibi mmoja wa pale, bibi Mwanakombo, na wanawake wengine wawili, na nilikuwa na tonge mkononi sauti ilipovimba ghafla, ikatoa mngurumo mmoja mzito, halafu ukimya. Juu ya ua wa makuti ukapanda moshi mwembamba wa rangi ya bluu, wenye harufu ambayo fundi akiisikia moyo unashuka. Bibi harusi alikuwa anatolewa nje wakati uleule. Akasimama mlangoni, amefunikwa, amezungukwa na wasichana walioshika pembe za kanga, na hakuna muziki wa kumpokea. Ndipo ikaja sauti ya Hemedi kutoka upande wa pili, ya juu, ya kusikika na kila mtu.

"Tatu, umefanya nini huko? Si nilikwambia usiziguse nyaya? Umezigusanisha."

Wanawake wote wakanigeukia. Mkono wangu ulikuwa umelowa mafuta ya pilau mpaka kwenye kifundo. Bi Zuhura akasema, si kwa ukali, kwa uchovu tu, "Mwanamke na umeme, wapi na wapi." Mwingine akasema, "Katuharibia shughuli." Bibi Mwanakombo akaweka tonge lake chini. "Huyu alikuwa anakula," alisema. "Alikuwa anakula na mimi hapa hapa." Mtu akamjibu, "Nani kakuuliza, bibi?" Na wengine wakaanza kuimba kwa vinywa na kupiga makopo ili bibi harusi asiendelee kusimama bure.

Watu wawili watatu niliowahi kuwasimulia wameniuliza kwa nini sikujibu. Ningejibuje? Ingebidi nipaze sauti ivuke ua, iwafikie wanaume wasionijua, harusini, bibi harusi akiwa amesimama, nimwambie mume wa dada yangu kwamba anasema uongo. Hemedi alijua siwezi. Hakuna mtu upande wake aliyeweza kuja uani kuona kama nyaya zangu zimegusana, na hakuna mwanamke aliyeweza kwenda kwa wanaume kuona bomba zilivyofungwa. Ua ule ulimficha pande zote mbili. Na alijua zaidi ya hayo: alijua nitanyamaza, kwa sababu kunyamaza ndiko kulikonipatia kazi.

Tulipopakia vitu kurudi, alimwambia dereva asogee ili mimi nikae mbele. Sikuwahi kukaa mbele. Alipanda yeye nyuma na spika. Njia nzima mpaka Kisarawe niliona mgongo wake kwenye kioo kila gari lilipopinda, na nikafahamu kwamba kile kiti ndicho pekee nitakachopewa.

Salima hakuniuliza kitu. Alinipakulia chakula kingi kuliko kawaida. Siku zilizofuata Hemedi alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni, na mlango wa uani haukugongwa na mtu. Nilipandisha vitu mezani nikavifungua mwenyewe. Spika yangu, iliyokuwa kwa wanawake, nikaigusisha betri ya tochi, karatasi ikaruka mbele, ikalia. Ilikuwa nzima kabisa, na fyuzi yake nzima. Ile ya wanaume haikuruka. Nilipoitoa kitambaa na kusogeza pua, harufu ya koili iliyoungua ikanijia. Ndani ya amplifaya, transista za upande ule zilikuwa zimepasuka, na zilipokufa ziliachia umeme mtupu wa betri uende moja kwa moja kwenye spika na kuipika. Fyuzi ndiyo ilipaswa kukata. Nikaitafuta kwenye waya. Ilikuwa pale, imeungua, na juu yake imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kwa hiyo fyuzi ilikata kwanza. Ilikata kama ilivyofundishwa, pengine ndipo muziki ulipokatika kwa muda mfupi, na yeye akaizunguka kwa karatasi ile ili umeme upite.

Hemedi aliingia akanikuta nimeziweka spika mbili ubavu kwa ubavu mezani, betri katikati, fyuzi juu ya kitambaa cheupe. Alivua kofia akakaa kwenye kitanda changu, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Najua," alisema, kabla sijafungua mdomo. "Nilijua palepale."

Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akikana. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwonyesha.

"Tatu, nisikilize. Mimi sina kazi nyingine. Jina langu likiharibika huko barabarani, Visiga, Misugusugu, Mlandizi kote, dada yako atakula nini? Wewe utaolewa. Utakwenda kwa mumeo, hakuna atakayekumbuka."

"Nenda ukawaambie," nikasema.

"Nikawaambie nini sasa? Harusi imeshapita."

"Kwamba si mimi."

Akatazama rafu juu ya kichwa chake, ile amplifaya ya kizamani. "Ukitulia," alisema polepole, "ile bado ni yako. Baharia anakuja mwezi ujao na taa yake. Tuna shughuli Misugusugu, nahitaji mtu wa uani. Tulia tu."

Nilimsikia Salima upande wa pili wa ukuta akiacha kutwanga. Alikuwa anasikiliza, kama mimi nilivyozoea kusikiliza. Nilisubiri aseme neno. Baadaye mchi ukaanza tena.

Kesho yake nilidandia lori la mkaa mpaka Visiga bila kuaga. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kwenda nyumba ya watu peke yangu kusema jambo, na njia nzima nililisema moyoni, nikalipunguza, mpaka likabaki fupi kiasi cha kutoka mdomoni. Bi Zuhura alinipokea vizuri mno. Alinikalisha mkekani, akaniletea chai yenye sukari, mwaka ule, sukari. Nilipoanza, "Mama, nimekuja kwa ajili ya siku ile," akanishika mkono.

"Najua si wewe, mwanangu," alisema. "Nilikuona kwa macho yangu, ulikuwa unakula. Na bibi Mwanakombo hajaninyamazia tangu siku hiyo."

"Basi waambie wenzako, mama. Waambie tu kwamba si mimi."

Akauachia mkono wangu taratibu. "Nikisema si wewe, wataniuliza ni nani. Nikisema ni Hemedi, Hemedi atasema ni nani aliyemlazimisha na zile bomba. Na huyo ni mume wangu, Tatu. Harusi ya mwanangu wa kwanza iharibiwe na baba yake?" Alizungumza kwa upole, kama anayeniomba ushauri. "Wewe ni mtu wa kupita. Litapita na wewe."

Nilimaliza chai yangu kwa sababu ilikuwa na sukari na isingekuwa adabu kuiacha. Hemedi alijua, Salima alijua, Bi Zuhura alijua, na sasa nilikuwa na hakika mzee Kondo naye alijua. Nilikuwa nimekuja kuwaeleza watu jambo ambalo wote walikuwa nalo nyumbani tayari. Nilipoinuka kuaga, Bi Zuhura akaingia chumbani akatoka na redio yake, ya mkanda wa ngozi.

"Kwa kuwa umefika," alisema, "hebu nitazamie. Imenyamaza tangu juzi. Njoo huku chumbani, nitarudishia mlango, mtu asitusumbue."

Niliipokea. Nilikuwa na bisibisi yangu kwenye pindo la kanga. Nikaupita mlango wa chumba, nikapita sebule, nikatoka mpaka baraza ya mbele, ile inayotazama njia ya kwenda kwenye mashine ya kusaga, nikakaa kwenye ukingo wa saruji na kuanza kulegeza parafujo za mgongo wa redio.

"Tatu, huko jua kali," Bi Zuhura akasema kutoka nyuma ya pazia.

"Huku kuna mwanga, mama."

Alirudia mara moja zaidi. Hakutoka. Kutu ilikuwa imekula bati linaloshika betri, ugonjwa mdogo, lakini sikuharakisha. Nilizipanga parafujo juu ya kanga yangu, moja moja, nikaanza kukwangua. Wanawake watatu waliokuwa kwenye harusi ile walikuwa wanarudi kutoka mashineni, na unga kichwani. Waliponiona na redio ya Bi Zuhura mapajani walipunguza mwendo. Mmoja alimwambia mwenzake kitu kwa sauti ya chini, na kwa kitambo nilidhani watapita kama hawakuniona. Halafu yule wa mwisho, mkubwa kuliko wenzake, akasimama, akashika debe lake kwa mkono mmoja.

"Habari za kazi?" akasema.

Nikainua uso, nikamjibu kwa sauti ya kufika mpaka nyuma ya pazia.

"Nzuri."